Hakuna Aliyemwimbia Wisner

Kipaza sauti kilianguka, kikagonga mbao za jukwaa, na uwanja mzima ukaziba masikio.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua mmenisema sana. Mama mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza kama nina roho. Ninayo, mama. Ndiyo maana leo sitawazungusha. Turudi Cali, kwenye tamasha la muziki la Petronio, jua la alasiri bado linachoma.

Hermencia Grueso alikuwa katikati ya wimbo. Nyuma yake marimba inalia, ngoma zinajibu, wanawake wa kundi lake wanatikisa makayamba. Mbele yake maelfu ya watu weusi waliopendeza kupita kiasi: vilemba vya kila rangi, nywele zilizosukwa na kutiwa kauri, wanaume wamevaa suti za kitenge, leso nyeupe zinapepea juu ya vichwa. Chini ya leso moja, iliyoshikwa kwa mkono wa kushoto, alimwona mumewe.

Mume aliyekufa maji. Miaka mitano iliyopita boti ilipinduka pale mto Timbiquí unapoingia baharini, na Wisner Angulo hakuonekana tena, mzima wala maiti.

Hermencia hakutafuta ngazi. Aliruka.

"Hermencia! Umerogwa?" alifoka mzee Eustorgio, mpiga marimba, bila kuacha kupiga. "Wimbo haujaisha!"

Alipita katikati ya watu akisukuma kwa viwiko.

"We dada, angalia unapokanyaga! Viatu vipya hivi!"

"Mwache, pombe ya viche imempanda kichwani. Waimbaji wanapewa ya bure huko nyuma."

Hakuwasikia. Alimfikia yule mwanaume na kulikamata shati lake kwa mikono miwili. Lilikuwa shati la kitenge la manjano, limeshonwa kwa ufundi. Mwenyewe alikuwa amenenepa kidogo, ndevu zimechongwa vizuri, mwili unanukia marashi.

"Wisner."

"Umenifananisha, mama."

"Mama?" Hermencia alimtikisa. "Mimi ni mama yako? Nimekupikia samaki wa nazi, nimekufulia, nimelala na wewe kitanda kimoja, leo uniite mama mbele ya watu? Taja jina langu."

Vijana waliokuwa karibu walianza kucheka. Mmoja alisema, "Kaka, umekamatwa leo." Yule mwanaume alishusha leso yake. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, pote palikuwa na watu.

"Hermencia," alisema kwa sauti ya chini.

Najua mnasubiri kofi. Halikuja. Hermencia alimkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu, akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu na watakatifu wake wote kwa majina. Msimcheke. Aliyemlilia miaka yote hiyo alikuwa mbele yake, ana joto, anapumua. Nani kati yenu angeanza na maswali?

"Walikuteka?" aliuliza, machozi yanaloanisha shati la manjano. "Ulipotelewa na kumbukumbu? Niambie tu, Wisner. Lolote utakaloniambia nitaliamini."

"Niligongwa na ubao kichwani," alianza Wisner, taratibu, kama mtu anayepima maji kwa mguu. "Nikaokotwa na watu wa meli. Nikawa sijui hata..."

"Heiler! Nimekutafuta uwanja mzima."

Sauti ya mwanamke. Hermencia aliifahamu sauti hiyo kabla hajageuka.

Ilikuwa sauti ya Zunilda Copete. Mnamkumbuka yule msusi kutoka Quibdó, mwenye kibanda upande wa mitindo, aliyemsuka Hermencia asubuhi ya siku hiyo? Kichwa cha Hermencia kilikuwa mapajani mwake tangu chai mpaka karibu na chakula cha mchana. Walizungumza mambo ya wanawake. Hermencia alimsimulia habari ya mume aliyepotea majini, ila jina hakulitaja, maana kila akilitaja hushindwa kuendelea. Zunilda alilia pamoja naye huku vidole vinasuka.

Sasa alikuwa amesimama pale na chanuo mkononi.

"Hermencia! Mbona umeshuka jukwaani? Nilikuwa nakuja kukushangilia." Alitabasamu. Kisha tabasamu likapungua. "Na mbona umemkumbatia mume wangu?"

Hermencia alimwachia Wisner.

"Mume wa nani?"

Zunilda aliangalia lile shati lililokunjamana na kuloa machozi, akaangalia uso wa mwanaume aliyeishi naye, na akaelewa. Wanawake wa kwao Chocó si wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Dada yangu," alisema, "niambie si yeye. Niambie yule wa majini si huyu."

"Ni huyu."

"Nilimwuliza kama ana mke. Nilimwuliza kabla sijampa hata mkono. Akasema hana mtu duniani ila mama yake mzee."

"Zuni, nitakueleza," alisema Wisner.

"Utanieleza ukiwa Heiler au ukiwa nani?"

Nasema wazi, moyo wa Hermencia ulivunjika pale, katikati ya ngoma na watu wanaopiga picha. Furaha yake haikudumu hata ubeti mmoja wa wimbo. Lakini hata katika maumivu hayo alimkumbuka mtu mwingine, na hapo ndipo mtajua ni mwanamke wa namna gani. Alimkumbuka mama mkwe wake.

Mama Faustina Riascos, mwitikiaji mkuu wa kundi, alikuwa ameteremka ngazi za jukwaa na kupenya watu, sketi kaishika kwa mkono mmoja.

"Mama!" Hermencia aliita. "Mama, njoo umwone! Mwanao yuko hai!"

Alijiandaa kumdaka akianguka. Mama Faustina hakuanguka. Hakupiga kelele, hakumtaja Mungu. Alimtazama mwanawe kwa hasira ya mzazi asiyesikilizwa.

"Nilikuambia usije Petronio," alimwambia.

Jamani.

Hermencia alisikia, lakini maneno yalichukua muda kumwingia. Alipoelewa, uso wake ulibadilika.

"Ulijua," alisema.

Kwetu mtoni mtu akifa maji asipatikane, tunamfanyia matanga hivyo hivyo. Tunatengeneza madhabahu sebuleni, tunasali siku tisa, na usiku wa mwisho tunaimba alabao, wimbo wa kumuaga marehemu, tunabomoa madhabahu, roho inakwenda zake. Baada ya hapo mke ni mjane, anaweza kulia mpaka aishiwe machozi, kisha aamke aishi. Pasipo alabao hakuna mjane. Kuna mwanamke tu anayesubiri.

Wisner hakufanyiwa matanga. Mama Faustina alikataa katakata. Padri alikuja, akakataa. Majirani walikuja na mishumaa yao, akawarudisha nayo. Watu walisema ni matumaini ya mzazi, na Hermencia alimpenda zaidi kwa ajili hiyo. Alihamia kwake. Walikula sahani moja, walisubiri pamoja. Wanaume wawili wazuri walimposa akawaambia ana mume.

"Nilidhani tunasubiri wote, mama," alisema. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Alinipigia simu mwaka wa pili," alisema Mama Faustina. "Akaniambia wenye bunduki wanamtafuta, wakijua yu hai watammaliza. Ningefanya nini? Ningekuambia, ungemfuata, wakakuua na wewe. Nikafunga mdomo. Na kumwimbia nisingeweza, mwanangu. Alabao kwa mtu aliye hai ni kumwitia kifo. Unajua hilo. Kila mtoto wa mtoni anajua hilo."

"Kila usiku ulinisikia nalia. Ukuta ule ni wa mbao."

"Nilikusikia."

"Hukuwahi hata kugonga."

Mama Faustina alikuwa naye analia.

Sasa Zunilda alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake.

"Wenye bunduki? Wenye bunduki gani hao? Huyu anauza mashati hapo nyuma. Kibanda chake kina picha yake kubwa kama mlango! Anajificha gani huko?"

Mama Faustina alimgeukia mwanawe. "Wisner?"

"Mama, ni habari ndefu."

"Hakuna wenye bunduki?"

Wisner alifuta jasho kwa leso. "Nilipotoka majini nikaona nimezaliwa upya," alisema. "Kila mtu alidhani nimekufa. Nikaona, basi, kwa nini nirudi kwenye umaskini ule? Sikutaka kumuumiza mtu."

Huyo ndiye mliyekuwa mkimwombea, wasomaji wangu. Wengine mmeniandikia nimrudishe. Nimewarudishia.

"Na wewe, bibi," Zunilda alimwuliza Mama Faustina kwa adabu, "huyu anakuita mama. Wewe ni shangazi yake?"

"Mimi ni mama yake. Nimemzaa."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Mama yake amefariki," alisema Zunilda. "Mwaka jana."

Wisner alishika mkono wa Zunilda. "Zuni, nyamaza, nakuomba."

Zunilda aliutoa mkono wake. "Nilikuwa nimemchosha kila siku twende Timbiquí nikamsalimu mama mkwe. Nimeishi na mtu, sijaonana na mzazi wake, ni aibu kwetu. Siku moja akaja nyumbani analia. Mama amefariki, Zuni, wameshamzika, sitawahi. Nikawaita shangazi zangu kutoka Quibdó. Tulitandika shuka nyeupe ukutani, tukatia utepe mweusi, tukawasha mishumaa. Siku tisa, bibi. Nilipika, nilisali. Usiku wa mwisho tuliimba alabao mpaka sauti yangu ikakauka. Jina tuliloliimba lilikuwa Faustina Riascos."

Watu waliokuwa wakipiga picha walishusha simu.

Mama Faustina alisimama wima. Nadhani mwanamke mwingine angemrukia. Yeye alitafuta jambo moja tu la kuuliza, na alimwuliza Zunilda.

"Alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Mlipoliimba jina langu, aliitikia?"

Zunilda alisita. Alimwonea huruma bibi huyu aliyemlilia bila kumjua.

"Sema, mwanangu. Nimeshazeeka, nitalibeba."

"Aliitikia," alisema Zunilda. "Kwa sauti kubwa kuliko sisi wote."

"Ijumaa iliyopita uliniita mama kwenye simu," Mama Faustina alimwambia mwanawe. "Uliniuliza kama magoti bado yananiuma."

Wisner aliinamisha kichwa. Mara hii hata uongo haukumjia.

Huko jukwaani mshereheshaji alikuwa ameishiwa vichekesho. "Kundi la Timbiquí!" aliita. "Wanawake wa Timbiquí, rudini jukwaani tafadhali, bado mna wimbo mmoja! Huyu mzee wenu atakufa na marimba yake!"

Na kweli mzee Eustorgio alikuwa bado anapiga, peke yake, jasho linamchuruzika, akisonya kila baada ya pigo.

"Tukaongee nyumbani, Hermencia," Wisner alisema. "Nyinyi wote watatu. Tukae, tuongee kama watu wazima."

"Nyumbani kwa nani?"

Wisner alimwangalia Zunilda, kisha mama yake.

"Miaka yote hii niliomba kimoja kati ya viwili," Hermencia alisema. "Nipewe mume, au nipewe matanga. Mume ndiye huyu nimemwona. Sitaki tena. Basi nitayachukua matanga."

Wisner alielewa.

"Usithubutu," alisema. "Hermencia, mimi ni mzima. Usifanye hivyo. Hata kama umekasirika, hilo halichezewi."

"Mbona wewe ulilichezea kwa mama yako?"

Aligeuka akaenda. Safari hii alipanda kwa ngazi, polepole. Alimpita mzee Eustorgio, akaweka kiganja juu ya mbao za marimba, zikanyamaza. Akawaonyesha wapiga ngoma mkono. Wakanyamaza. Alabao haina ngoma.

Akaokota kipaza sauti na kuanza.

Sitawaandikia maneno yake, kwa sababu nami ni mtu wa mtoni na nyumbani kwangu leo hakuna msiba. Niwaambie tu kwamba aliimba taratibu, macho kafumba, na sauti ilitoka mahali ambapo ilikuwa imefungiwa tangu siku ya ile boti.

Watoto wa mjini walishangilia. Walidhani ni wimbo mpya, wakainua simu zao juu. Lakini watu wa Pwani, wa Guapi, wa Tumaco, wa Buenaventura, walianza kuvua kofia. Leso nyeupe zilishuka moja baada ya nyingine. Mwanamke mmoja mwenye kilemba chekundu alimwuliza mwenzake, "Nani kafa?"

"Sijui. Simama."

Ubeti wa kwanza uliisha, ukangoja kiitikio.

Hakuna aliyeitikia. Wanawake wa kundi walikuwa wameona na kusikia yote, na waliangalia miguu yao. Anayeitikia alabao amekubali kwamba yule mtu amekufa. Kwa mtu aliyesimama mbele yako amevaa shati la manjano, nani atakubali?

Hermencia aliimba ubeti wa pili peke yake. Sauti ilimkatika mahali, akaiokota, akaendelea. Nilikuwa nimepanga kuandika kwamba hakulia. Alilia.

Kisha kikasikika kiitikio, kutoka kwenye ngazi.

Mama Faustina alikuwa anapanda, ngazi moja baada ya nyingine, kwa magoti yake mabovu, na alikuwa anaitikia. Ile sauti ya pili ambayo mtoni kote haina mpinzani, ambayo kwa miaka mitano ilikataa kutoka kwa ajili ya mwanawe, ilitoka sasa mbele ya Cali nzima.

"Mama, hapana!" Wisner alikuwa amefika chini ya jukwaa, mikono juu. "Mama, usiitikie! Niko hapa! Nitazame, mama, niko hapa!"

Zunilda alikuwa nyuma yake. Hakumshika, wala hakumtuliza.

Hermencia na mama mkwe wake waliimba pamoja, bega kwa bega, mpaka wakafika pale katikati ya wimbo ambapo jina la marehemu linawekwa. Kwetu Timbiquí jina halitajwi na mke. Hutajwa na wa damu, na likishatajwa limetajwa.

Hermencia alinyamaza. Akampa Mama Faustina kipaza sauti.

Hata wauzaji wa samaki waliacha kuita. Wisner alikuwa analia kwa sauti sasa, anaita mama, mama, mama, na wazee wa Pwani waliomzunguka walikuwa wakimwangalia kana kwamba wanaona kitu kisichopaswa kuonekana.

Mama Faustina alimtazama. Alimtazama mtoto aliyemnyonyesha na kumficha, mtoto ambaye alimzika yeye akiwa hai na kuitikia kwa sauti kubwa. Hermencia, aliyekuwa ubavuni mwake, aliona kidevu chake kinatetemeka, akajua kwamba hawezi. Baada ya yote yale, bado hawezi.

Mama Faustina akafumbua mdomo, akaliimba jina.

"Faustina Riascos."

Jina lake mwenyewe, mahali pa la mwanawe. Mguno ukapita uwanjani kutoka mbele hadi nyuma, watu wakajishika vifua. Mwanamke wa kilemba chekundu akapiga ishara ya msalaba.

Mama Faustina alirudisha kipaza sauti mkononi mwa Hermencia, taratibu, akamfunga vidole juu yake. Mikono yake ilikuwa imeshakuwa baridi.

"Mara ya kwanza waliniimbia watu wasionijua," alimwambia kwa sauti ya chini. "Niitikie wewe, mwanangu."

Na kiitikio, baada ya jina kutajwa, sasa kilikuwa cha Hermencia.